Mwongozo wa Kuweka Emoji kwa Vitufe vya Kibodi

Katika ofisi nyingi za Dodoma, kuanzia Mji wa Serikali wa Mtumba hadi vibanda vya uchapaji vya katikati ya jiji, mazungumzo ya kazi siku hizi hupita kwenye kompyuta na simu kwa wakati mmoja: kundi la WhatsApp limefunguliwa ndani ya kivinjari, barua pepe iko pembeni, na waraka unaochapwa uko mbele ya macho. Anayetaka kuweka emoji katikati ya maandishi huacha kuandika, hushika kipanya, hufungua kile kialama cha uso kilicho chini ya skrini, huteremsha orodha ndefu ya picha, na mara nyingi huishia kuchagua iliyo karibu badala ya ile aliyoikusudia. Kazi hiyo yote yaweza kufanywa kwa vitufe viwili na herufi chache. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kwenye kompyuta za aina mbalimbali na kwenye simu, pamoja na mambo ambayo mwandishi wa ujumbe anapaswa kuyaangalia kabla ya kuutuma.

Ni vema kufahamu kwanza kwamba emoji si picha inayoambatishwa kwenye ujumbe kama picha ya kamera. Ni herufi, yenye namba yake maalumu katika mfumo wa Unicode, kama vile herufi A au herufi M zilivyo na namba zao. Mwaka 1999 Mjapani Shigetaka Kurita alibuni emoji 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya NTT DoCoMo, na mwaka 2010 toleo la 6.0 la Unicode likaziingiza emoji katika orodha ya herufi zinazotambulika duniani kote. Tangu hapo, unapotuma zabibu 🍇 kutoka Hombolo kwenda Kondoa, kinachosafiri ni namba tu. Simu ya mpokeaji ndiyo inayoichora zabibu hiyo kwa mkono wake yenyewe. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu karibu kila tatizo litakalojitokeza huko mbele, kuanzia kisanduku kitupu hadi bendera inayogeuka kuwa herufi mbili, linaelezwa na ukweli huo mmoja.

Kwenye kompyuta ya Windows

Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 ina kidirisha cha emoji ndani yake, na hakuna programu ya kupakua wala bando la kutumia ili kukipata. Kilianza kuletwa na sasisho la Windows 10 la Oktoba 2017, kwa hiyo kompyuta iliyosasishwa baada ya hapo inapaswa kuwa nacho.

Hatua ya kwanza ni kuweka kile kistari kinachopepesa mahali unapotaka emoji ikae, iwe ni kisanduku cha ujumbe cha WhatsApp, barua pepe au waraka. Usipofanya hivyo kidirisha kitafunguka, lakini utakachokichagua hakitakuwa na mahali pa kwenda. Hatua ya pili ni kushikilia kitufe cha Windows, kile chenye nembo ya dirisha kilicho chini upande wa kushoto karibu na Alt, na huku umekishikilia ugonge mara moja kitufe cha nukta, kisha uviachie vyote viwili. Ukipenda unaweza kutumia kitufe cha nukta mkato badala ya nukta. Matokeo ni yaleyale. Kidirisha kidogo kitatokea karibu na mahali unapoandika.

Hatua ya tatu ndiyo ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye kuokoa muda. Badala ya kuanza kutafuta kwa macho, endelea kuandika jina la kitu unachokitaka, nacho kidirisha kitachuja na kubakiza zinazohusika. Kwa kuwa kompyuta nyingi za kwetu zimewekewa kibodi ya Kiingereza, jina nalo huandikwa kwa Kiingereza, lakini huhitaji kujua maneno mengi. Mfanyabiashara wa mazao wa mkoa huu atatosheka na grapes kwa zabibu, sunflower kwa alizeti, peanuts kwa karanga, goat kwa mbuzi na rain kwa mvua. Katibu wa ofisi atahitaji zaidi calendar, train, folded kwa mikono iliyounganishwa ya shukrani, na party kwa pongezi. Yafaa kuandika maneno kama haya kumi au kumi na mawili kwenye karatasi na kuibandika kando ya skrini hadi vidole viyazoee.

Hatua ya nne ni kusogea kwa vitufe vya mishale hadi kwenye emoji unayoitaka na kugonga Enter. Kidirisha hubaki wazi ili uweze kuongeza nyingine, na kitufe cha Esc hukifunga. Jizoeze kutazama kabla ya kugonga Enter, kwa kuwa kidirisha huanza na zile ulizozitumia karibuni, na emoji iliyofaa asubuhi kwenye kundi la marafiki inaweza kuwa ndiyo iliyo mbele mchana unapomwandikia mkuu wako wa kazi.

Kuna kitufe kingine cha kujifunza pamoja na hicho. Windows na herufi V, zikibonyezwa pamoja, hufungua orodha ya vitu ulivyovinakili hivi karibuni. Mara ya kwanza kompyuta itakuomba ruhusa ya kuiwasha. Ukinakili emoji au mfuatano wa emoji unaoutumia kila siku, ukafungua orodha hiyo na kuubana kwa alama ya pini, utabaki pale hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya, na kuanzia siku hiyo utaubandika bila kuutafuta tena. Huduma hii ipo kuanzia sasisho la Windows 10 la mwishoni mwa mwaka 2018.

Kompyuta zenye Windows 7 hazina kidirisha cha emoji. Anayetumia kompyuta ya namna hiyo asikate tamaa. Njia ya nukta mbili iliyoelezwa hapa chini itamfaa ndani ya programu za mazungumzo, kwa kuwa njia hiyo haitegemei Windows bali hutegemea programu yenyewe.

Ndani ya Microsoft Word

Kwa kuwa kila emoji ina namba, Word kwenye Windows hukuruhusu kuiita kwa namba yake. Andika nafasi, kisha andika 1F347, na bila kugonga kitu kingine chochote ushikilie Alt na kugonga X. Namba itageuka kuwa zabibu. Ile nafasi ya mwanzo ina maana yake, kwani Word husoma namba kurudi nyuma kutoka pale kistari kilipo, na kama neno lililotangulia linaishia kwa herufi kama A au E bila nafasi, herufi hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya namba. Ukigonga Alt na X tena, emoji hurudi kuwa namba, jambo linalosaidia pale unapotumiwa emoji usiyoijua na ukataka kufahamu namba yake.

Namba za kuanzia ni hizi: alizeti 1F33B, karanga 1F95C, shuke la mpunga 1F33E, ng'ombe 1F404, mbuzi 1F410, treni 1F686, kofia ya mahafali 1F393, mikono iliyounganishwa 1F64F, na fataki ya pongezi 1F389. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayeandaa kadi ya mwaliko wa mahafali ataona kwamba namba tatu au nne zinamtosha. Katika matoleo ya zamani ya Word emoji hizi huonekana kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ujumbe ukinakiliwa na kubandikwa kwenye WhatsApp, rangi hujitokeza, kwa sababu iliyobadilika ni mashine inayochora wala si herufi yenyewe.

Kuna jambo moja la Word na Outlook ambalo limewasumbua watu wengi wa ofisini bila wao kujua chanzo chake. Ukiandika nukta mbili na kufunga mabano, programu hizi hugeuza alama hizo kuwa uso unaotabasamu, lakini katika matoleo ya zamani uso huo huwa si emoji ya Unicode. Ni herufi J iliyovalishwa fonti iitwayo Wingdings. Barua pepe ikifika kwenye kifaa kisicho na fonti hiyo, mpokeaji huona herufi J peke yake mwishoni mwa sentensi na kubaki akijiuliza ina maana gani. Ukiona badiliko hilo limetokea, gonga papo hapo Ctrl na Z ili lirudi nyuma, kisha weka tabasamu la kweli kwa Windows na nukta. Anayetaka kulimaliza kabisa afungue File, Options, Proofing, halafu AutoCorrect Options, na kuifuta alama hiyo kwenye orodha.

Orodha hiyohiyo inaweza kukutumikia badala ya kukusumbua. Kwenye nafasi ya Replace unaandika kifupisho chako, na kwenye nafasi ya With unabandika emoji, kisha unagonga Add. Kuanzia hapo kila utakapoandika kifupisho hicho na kufuatisha nafasi, emoji itakaa mahali pake. Namna ya kuchagua vifupisho vizuri nitaieleza katika sehemu ya simu, kwa kuwa kanuni ni ileile.

Nukta mbili katika programu za mazungumzo

WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kivinjari, Telegram ya kompyuta, Slack na Discord zote zina njia yake ya ndani, nayo ni rahisi kuliko zote: andika nukta mbili, kisha bila kuacha nafasi fuatisha herufi za mwanzo za jina la emoji. Ukiandika :grap, orodha ya mapendekezo itajitokeza na zabibu ikiwemo. Utasogea kwa mishale na kuthibitisha kwa Enter. Kwenye Slack na Discord unaweza pia kulimaliza jina na kulifunga kwa nukta mbili nyingine, kama vile :grapes: au :tada: kwa pongezi, na programu itageuza yenyewe. Ikiwa programu yako imewekwa katika Kiingereza, majina nayo ni ya Kiingereza.

Tahadhari ya njia hii ni kwamba kitufe cha Enter kina kazi mbili. Orodha ya mapendekezo ikiwa wazi, Enter huchagua emoji. Orodha isipojitokeza, kwa mfano kwa sababu umekosea herufi moja ya jina, Enter ileile hutuma ujumbe wako nusu, ukiwa na nukta mbili na neno la Kiingereza lililoning'inia. Kwa hiyo tazama skrini kwanza. Iwapo orodha haipo, futa hadi kwenye nukta mbili na uanze upya.

Kompyuta nyingine

Kwenye Mac, shikilia Control na Command kisha gonga kitufe kirefu cha nafasi. Kwenye Mac mpya zenye kitufe cha dunia, kitufe hicho pamoja na herufi E hufanya kazi hiyohiyo. Kwenye Chromebook, shikilia kitufe cha kusakia kilicho upande wa kushoto pamoja na Shift, kisha gonga kitufe cha nafasi. Kwenye Linux yenye mazingira ya KDE Plasma, njia ni ileile ya Windows na nukta, na kwenye programu nyingi za mazingira ya GNOME, ikiwemo Ubuntu, ni Ctrl na nukta. Katika hizo zote, baada ya kidirisha kufunguka unaandika jina na kuchagua, kama ilivyoelezwa kwa Windows.

Simu na vifupisho vya Kiswahili

Kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mtu wa kwetu, kwa kuwa wengi huandika kwenye simu kuliko kwenye kompyuta, na kwa kuwa hapa ndipo unapoweza kuachana na majina ya Kiingereza na kuifundisha simu maneno yako mwenyewe.

Kwenye simu ya Android yenye kibodi ya Gboard, fungua mipangilio ya kibodi hiyo, nenda kwenye Kamusi, kisha Kamusi ya binafsi, chagua lugha unayoandikia, na ugonge alama ya kujumlisha. Utaona nafasi mbili: ya juu ni ya neno au emoji unayotaka itokee, na ya chini ni ya kifupisho. Jaza zote mbili na urudi nyuma. Ukiandika kifupisho hicho kwenye ujumbe, emoji itajitokeza kwenye mstari wa mapendekezo juu ya herufi, nawe utaigusa. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya jumla, kisha kibodi, kisha ubadilishaji wa maandishi, na ugonge alama ya kujumlisha. Huko kifupisho hugeuka chenyewe mara tu unapogonga nafasi. Kibodi ya Samsung nayo ina sehemu yake ya vifupisho vya maandishi ndani ya mipangilio ya kibodi.

Swali ni kuchagua kifupisho gani. Wengi huanza kwa kuandika neno kamili, wakataka neno pole ligeuke kuwa emoji ya huzuni au neno mvua ligeuke kuwa wingu. Jambo hilo huharibu maandishi, kwa sababu kuanzia siku hiyo hutaweza kuandika "pole na kazi" au "mvua za vuli" bila simu kukupendekezea au kukuwekea picha usiyoihitaji. Kifupisho kizuri ni kile ambacho hakiwezi kutokea katika sentensi ya kawaida, na Kiswahili kinatupa njia nyepesi ya kukipata: maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Ukiondoa irabu zote na kubakiza konsonanti tatu au nne, umepata mfuatano ambao hautagongana na neno lolote. Zabibu inakuwa zbb, alizeti inakuwa lzt, karanga inakuwa krng, mbuzi inakuwa mbz, na mvua, ambayo ina konsonanti mbili tu, huongezewa moja ili iwe mvv.

Kanuni hiyo ina mwiko wake. Baadhi ya vifupisho rasmi vimeundwa kwa konsonanti tupu, kama Dkt kwa daktari na Ndg kwa ndugu, navyo hutumika kila siku katika barua na taarifa za vikao. Usivigeuze kuwa kitu kingine, hasa kama unaandika kwa niaba ya ofisi, kwa kuwa jina la mgeni wa heshima likitanguliwa na picha badala ya cheo chake itakuwa aibu isiyo ya lazima. Vilevile usitumie vifupisho ambavyo vijana tayari huvitumia kwenye ujumbe kwa maana nyingine.

Kifupisho hakilazimiki kuishia kwenye emoji peke yake. Kinaweza kubeba sentensi nzima pamoja na emoji yake, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu wa Mpunguzi anaweza kuweka hngr ili itoe "Hongera sana ndugu yetu, kikundi kinakupongeza 🎉", na mkt ili itoe "Wanakikundi mnakumbushwa kikao chetu 📅", kisha akaongeza siku na saa kwa mkono. Anayeongoza kundi la watu wa Dodoma waliotawanyika mikoani anaweza kuweka mbk ili itoe salamu ya Kigogo "Mbukwenyi 👋🏾" kila anapoingia kundini asubuhi. Maneno hubaki ya mwenyewe, na kazi ya kuyaandika upya kila mara huondoka.

Kuhusu rangi ya mkono, emoji za watu na mikono zilipewa rangi tano za ngozi katika toleo la 8.0 la Unicode la mwaka 2015. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya emoji ya mkono kwa muda, rangi zitafunguka, uchague inayokufaa. Ukishaichagua ndipo uiweke kwenye kamusi yako ya binafsi, ili kifupisho kikuletee rangi hiyo moja kwa moja. Kwenye Word, rangi nayo ni namba inayofuata emoji: andika 1F64F na Alt na X, kisha papo hapo 1F3FE na Alt na X, na mikono ya shukrani itavaa rangi ya kahawia iliyokolea.

Kabla ya kutuma

Kasi ina gharama yake, na gharama hiyo huonekana zaidi kwenye ujumbe wa msiba. Emoji ya uso unaocheka hadi machozi 😂 na ile ya uso unaolia kwa uchungu 😭 zinakaribiana sana kwenye skrini ndogo, zote zikiwa na macho yaliyofumbwa na machozi ya buluu. Anayetumia njia ya haraka na kugonga chaguo la kwanza anaweza kupeleka kicheko kwenye kundi la wafiwa, na hakuna maelezo yatakayofuta kabisa maumivu ya jambo hilo. Ushauri wangu ni kwamba ujumbe wa rambirambi usiwe na uso wowote. Maneno ya pole yanatosha, na ikibidi mikono iliyounganishwa 🙏🏾 ikae mwishoni. Yeyote anayetaka kutumia uso unaolia asake kwa neno loudly, asisake kwa tears, kwa kuwa neno tears ndilo lililo ndani ya jina la uso unaocheka.

Kwa wazee na viongozi, emoji haichukui nafasi ya salamu. Mtoto anayemwandikia babu yake aliyeko Mpwapwa aandike shikamoo kwa herufi zake zote, ndipo aongeze alama aipendayo; kiganja kinachopunga peke yake huonekana kama kumpungia mkono mtu wa rika lako. Katika barua rasmi na taarifa za vikao, emoji ziachwe kabisa.

Bendera ya Tanzania huleta mkanganyiko wa pekee. Kidirisha cha Windows hakina bendera za nchi, na hata ukitumiwa 🇹🇿 na mtu mwingine, programu nyingi za Windows zitakuonyesha herufi TZ badala ya rangi za kijani, njano, nyeusi na buluu. Hiyo ni kwa sababu bendera ya nchi imeundwa kwa herufi mbili maalumu za Unicode, na Windows huzichora kama herufi. Usiifute ukidhani imeharibika, kwa kuwa aliye kwenye simu ataiona bendera kamili. WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kivinjari huchora emoji kwa picha zake yenyewe, hivyo humo bendera huonekana hata kwenye Windows. Anayetaka kuiandika kwenye Word aandike 1F1F9 na Alt na X, kisha bila nafasi 1F1FF na Alt na X, ainakili, halafu aibane kwenye ile orodha ya Windows na V ili asirudie kazi hiyo.

Kisanduku kitupu au alama ya kuuliza ni dalili kwamba simu ya mpokeaji ni ya zamani kuliko emoji uliyoituma. Emoji ya mikono miwili inayounda moyo 🫶, kwa mfano, iliingia kwenye Unicode mwaka 2021, na simu ambayo haijasasishwa tangu kabla ya hapo inaweza kushindwa kuichora. Kwa kundi lenye watu wenye simu za kila umri, tumia zile za zamani kama ❤️, 👍🏾 na 🎉.

Wasioona nao husoma ujumbe wetu, kwa kusikiliza programu inayosoma skrini kwa sauti. Programu hiyo hutamka jina la kila emoji, kwa hiyo fataki kumi zilizopangwa mstari mmoja humlazimu msikilizaji kusikia jina lilelile mara kumi kabla ya kufika kwenye habari. Katika mkoa ambao una shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, si vigumu kuwa na mwenzako kazini au chuoni anayesikiliza kwa namna hiyo. Weka emoji moja, na uiweke mwishoni mwa sentensi, ili habari itangulie.

Mwisho ni ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, ambao bado ndio unaotegemewa kuwafikia wanachama wasio na simu janja. Ujumbe mmoja wa maandishi ya kawaida hubeba hadi herufi 160. Ukiingiza emoji hata moja, mfumo wa kuusafirisha hubadilika kwa ujumbe wote, na kiwango hushuka hadi herufi 70; ujumbe ukizidi hapo na kugawanywa, kila kipande hubeba 67 tu, na emoji yenyewe huhesabiwa kama herufi mbili au zaidi. Taarifa ya kikao yenye herufi 150, ambayo ingekwenda kama ujumbe mmoja, huhesabiwa kuwa jumbe tatu kwa sababu ya zabibu moja iliyowekwa mwishoni. Mweka hazina wa kikundi anayewatumia wanachama wengi kwa mkupuo ataona tofauti hiyo kwenye salio. Kwa hiyo tengeneza vifupisho viwili kwa kila taarifa ya kudumu: kimoja chenye emoji kwa ajili ya WhatsApp, na kingine chenye maneno yaleyale bila emoji, ambacho unakitofautisha kwa kuongeza herufi s mwishoni, mkt kwa WhatsApp na mkts kwa ujumbe mfupi.